Kipupwe Mwanza na dawa za mafua za nyumbani: nataka vipimo, "kiasi" sitaki

#1 Kisu cha Mkuyuni
Wakuu, salamu. Juni hadi Agosti kila nyumba hapa mjini ina mtu anayevuta kamasi. Ukiuliza dawa unajibiwa "chemsha tangawizi kiasi, tia asali kiasi, jifukize kidogo". Kiasi ni nini? Dai langu ni hili: dawa za nyumbani tunazo, zinatushinda kwa sababu hatuna vipimo. Mwenye gramu, dakika na vijiko atiririke.

#2 Sengerema Feri
Nimeweka kambi. Waje wajuzi.

#3 Mpishi wa Mlango Mmoja
Nianze na tangawizi maana ndiyo inayoharibiwa zaidi.

Maji lita moja, yaani chupa mbili za nusu lita. Tangawizi mbichi gramu 30, kipande chenye unene na urefu wa kidole gumba cha mtu mzima. Usimenye, isugue tu chini ya maji. Iponde kwenye kinu, usiikate vipande. Ukikata, juisi inabaki ndani ya nyuzi na unakunywa maji yenye harufu tu. Itie maji yakiwa bado baridi, funika, yakichemka punguza moto, hesabu dakika 10 hadi 15. Kifuniko kisitoke, maana kinachonukia ndicho unachokitaka na kinapaa na mvuke. Epua, acha dakika 5, chuja.

Ndimu inaingia baada ya kuepua, nusu kwa kikombe. Ukichemsha ndimu pamoja na ganda lake unapata uchungu, na vitamini C inapungua kwa moto. Asali iwe ya mwisho, kijiko kimoja cha chai, wakati kikombe kinashikika mkononi bila kitambaa.

Vikombe vitatu kwa siku vinatosha. Watu wanakunywa lita mbili za tangawizi kali halafu wanalalamika kiungulia.

#4 Mtoto wa Njombe
Mwanza nako mnasema baridi? Huku sakitu inaunguza viazi shambani, nyie mnavaa sweta kwa upepo wa ziwa. 😂

#5 Jiwe la Bismarck
#4 tuliza boli. Usiku wa Julai hapa kipimajoto kinashuka hadi nyuzi 15 au 16, kwenu hiyo ni saa nne asubuhi. Lakini mwili wa mtu aliyezoea nyuzi 28 za mchana unaisikia.

Na mleta mada nikusahihishe kidogo: kipupwe ni neno la watu wa pwani. Sisi huku miezi hiyo ni kiangazi. Hakuna mvua, kuna vumbi, na asubuhi kuna baridi. Hilo la vumbi lishike, nitalirudia.

#6 Zamu ya Usiku (famasi)
Uzi mzuri, ila dai la #1 lina tundu. Mafua yanaletwa na virusi zaidi ya 200 wa aina mbalimbali, na wengi wao ni wa kundi la rinovirusi. Hakuna gramu ya tangawizi inayowaua wakiwa ndani ya pua. Mwili wenyewe ndio unaowamaliza, siku 7 hadi 10, na kikohozi kinaweza kubaki hadi wiki ya tatu. Dawa ya nyumbani inakupunguzia karaha wakati unasubiri. Kwa hiyo swali liwe: ipi inafungua pua, ipi inalainisha koo, ipi inakupa usingizi? Ukichanganya hayo matatu ndipo unaposema "haifanyi kazi".

Na mkija dirishani msiombe amoksilini ya mafua. Antibayotiki inaua bakteria, haina kazi kwa virusi. Rangi ya kamasi kuwa kijani siku ya 4 au 5 haimaanishi umepata bakteria. Ni kawaida.

#7 Mpishi wa Mlango Mmoja
#6 nimekusoma, lakini hujajibu kwa nini mtu akinywa tangawizi ya moto pua inafunguka palepale.

#8 Zamu ya Usiku (famasi)
Kwa sababu ni ya moto na ni kali. Mvuke wa kikombe unalegeza kamasi, ukali unachochea pua kutoa majimaji mapya. Pilipili kichaa inafanya vilevile. Baada ya nusu saa umerudi ulipokuwa. Sijasema ni mbaya, nimesema ni ya muda.

#9 Bibi wa Nansio
Wanangu, mnazunguka. Nyungu. Majani ya mkaratusi konzi moja, mchaichai shina tatu zilizopondwa, majani ya mpera, na kivumbasi kama kipo. Maji lita tatu. Yakichemka dakika kumi funika blanketi, vuta pua na mdomo mpaka jasho litoke. Ukitoka usikae upeponi.

#10 Kisu cha Mkuyuni
Bibi shikamoo. Mbali kiasi gani na sufuria, na muda gani?

#11 Bibi wa Nansio
Marahaba. Mpaka ushindwe.

#12 Zamu ya Usiku (famasi)
Bibi shikamoo, hapo kwenye "mpaka ushindwe" ndipo watu wanapoungua. Tangu nyungu ivume nchi nzima mwaka 2020 wakati wa korona, kila mtu anajifukiza lakini wachache wanajua kujikinga.

Sufuria itoke jikoni kabla ya kuinamia, iwe sakafuni kwenye kitambaa kilicholowa isiteleze. Stuli na mapajani hapana. Acha dakika 2 au 3 povu litulie. Uso uwe juu kama rula moja ya shule, sentimita 30. Macho yafumbwe, maana mvuke wa mkaratusi unawasha. Dakika 5 hadi 10 zinatosha, mara mbili kwa siku. Mtoto asiingizwe kabisa, hata kwa kupakatwa. Akirusha mguu mmoja tu, lita tatu zote zimemmwagikia. Mwenye pumu naye akae mbali na majani makali, kifua kinaweza kubana badala ya kufunguka.

Na ukweli wa mwisho ambao hamtaupenda: watafiti waliopima mvuke kwa mafua hawajapata faida inayoeleweka. Wengine walipata nafuu, wengine hawakuona tofauti.

#13 Igoma Stendi
Ongeza hili kwa herufi kubwa: MSIINGIZE JIKO LA MKAA NDANI YA BLANKETI ili maji yasipoe. Wala msilale nalo chumbani "kupasha joto" miezi hii. Hewa ya mkaa haina harufu, hukohoi wala hushtuki, unasinzia tu na ndiyo safari hiyo. Maji yakipoa, rudisha sufuria jikoni nje.

#14 Sengerema Feri
#13 👏 Hili lingekuwa uzi peke yake.

#15 Jiwe la Bismarck
Narudi kwenye vumbi. Nusu ya "mafua" ya Mwanza miezi hii si mafua. Mtu anaamka Buhongwa anapiga chafya kumi mfululizo, macho yanawasha, kamasi ni maji matupu, hana homa, na hali hiyo inakwenda wiki sita. Huo ni mzio. Vumbi la barabara, moshi wa taka, na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi juu ya maji na asubuhi unawafagia chini ya taa. Hao wakikauka wanakuwa unga, na unga wao unachokoza pua na kifua. Tangawizi hata uiponde kwa nyundo haitakusaidia. Zima taa ya nje, futa sakafu kwa kitambaa cha maji badala ya kufagia, kung'uta shuka nje.

#16 Mzee wa Karabai
#15 umetia chumvi. Mafua yanaletwa na baridi. Wavuvi wa dagaa wanakesha ziwani gizani, nguo zimelowa, upepo wa usiku unatoka nchi kavu unawapiga mgongoni. Ndani ya siku mbili mtumbwi mzima unavuta kamasi. Vumbi la barabara limefikaje katikati ya ziwa?

#17 Zamu ya Usiku (famasi)
Mzee, mtumbwi mzima unanywea kikombe kimoja na unalala kambi moja. Ndiyo virusi hiyo. Waingereza walikuwa na kituo maalumu cha mafua pale Salisbury, kuanzia 1946 hadi 1990. Waliwalowesha watu wa kujitolea, wakawaweka penye baridi, wakawapa virusi. Waliopigwa baridi hawakuumwa kuliko wenzao waliokaa kwenye joto.

#18 Mtoto wa Njombe
Na watafiti wa Cardiff, kule Wales, mbona umewaruka? Mwaka 2005 walichukua watu 180, nusu wakaweka miguu kwenye maji ya baridi dakika 20. Siku zilizofuata waliolowesha miguu ndio walioripoti dalili za mafua kwa wingi. Mzee wa Karabai ana hoja yake.

#19 Zamu ya Usiku (famasi)
Waliripoti dalili. Hawakupimwa virusi. Inawezekana walikuwa nao tayari, baridi ikawaamsha tu.

#20 Mzee wa Karabai
Kwa hiyo baridi imewaamsha. Asante. Nimeshinda.

#21 Mwalimu wa Kisesa
Mnasahau shule. Likizo ya Juni inaisha, Julai watoto 80 wanarudi darasa moja, asubuhi baridi madirisha yanafungwa. Wiki ya pili darasa zima linapiga chafya. Ulaya nao wimbi la rinovirusi linapanda Septemba shule zikifunguliwa, kabla hata baridi yao haijakomaa. Fungueni madirisha, na mkono unawe kwa sabuni kabla haujagusa pua. Hiyo ndiyo dawa ya nyumbani isiyohitaji sufuria.

#22 Kisu cha Mkuyuni
Chanzo hatutakimaliza leo. Rudini kwenye vipimo. Maji ya chumvi?

#23 Zamu ya Usiku (famasi)
Hapa naweza kukupa gramu zako.

Ya kusukutua koo: glasi ya ml 250, maji vuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Sukutua sekunde 30, tema, rudia mpaka glasi iishe. Mara tatu kwa siku. Usimpe mtoto asiyejua kutema.

Ya kusafisha pua ni nyingine, na hapa watu wanakosea mara mbili. Kosa la kwanza ni maji. Ya bomba au ya ziwa hayaingii puani hivihivi, hata kama unayanywa. Kuna amiba anayeishi kwenye maji yasiyo ya chumvi. Akinywewa hana madhara, akipitia puani anaweza kupanda kwenye ubongo. Ni nadra sana, lakini anayempata kwa kawaida haponi. Chemsha yatokote dakika moja kamili, yafunike yapoe. Kosa la pili ni chumvi. Unataka karibu asilimia 0.9, yaani gramu 4.5 kwa nusu lita: kijiko cha chai kilichopungua kidogo kwenye mdomo. Ukizidisha panawaka moto. Ukipunguza pia panauma, kama mtu aliyepaliwa na maji akiogelea.

Chukua sirinji ya ml 20 bila sindano. Inama juu ya beseni, kichwa ulaze upande, pumua kwa mdomo, sukuma taratibu kwenye tundu la juu, maji yatokee la chini. Usivute. Kisha penga tundu moja moja kwa upole. Ukipenga yote mawili kwa nguvu unasukuma kamasi masikioni. Maji yakibaki yamwage, kesho tengeneza mengine.

#24 Jiwe la Bismarck
Nyongeza: hapa tuko mita 1,130 na ushee juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Dakika moja bado inatosha. Ukiwa juu ya mita 2,000 fanya tatu.

#25 Mtoto wa Njombe
Hatimaye mmenikumbuka.

#26 Nyakato Viwandani
Kitunguu saumu puani je? Kuna video inazunguka, unaziba pua na punje mbili, ukitoa kamasi zinamwagika zote.

#27 Mpishi wa Mlango Mmoja
Zinamwagika kwa sababu umeichoma pua, sasa inalia. Na ulipokuwa umeiziba ulikuwa unazikusanya. Usifanye.

Kitunguu saumu kinaliwa. Ponda punje moja au mbili, acha wazi dakika 10 kabla ya kugusa moto au ndimu. Ule ukali haumo ndani ya punje nzima, unatengenezeka ukiponda, na joto linausimamisha. Anayetupa punje nzima kwenye maji yanayotokota anakunywa supu ya kitunguu tu. Usile kwenye tumbo tupu. Na anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda aache kabisa kula kwa wingi.

Kwa kikohozi kikavu cha usiku kitunguu maji ni bora: kimoja cha wastani, vipande vyembamba, kwenye chupa ya mdomo mpana, asali vijiko vitatu vya chakula juu yake. Funika saa 6 hadi 8, kinatoa maji chenyewe. Kijiko cha chai kabla ya kulala. Kisizidi siku mbili nje ya friji, kinachacha.

#28 Igoma Stendi
Asali yenyewe iko wapi? Nusu ya inayouzwa mjini ni sukari iliyochemshwa.

#29 Sengerema Feri
Washa kiberiti uchovye. Ikiwaka ni asali halisi.

#30 Mrina wa Sikonge
#29 acha chai. Kiberiti kinapima maji tu, na sukari iliyochemshwa mpaka ikakauka inawaka vizuri. Tone kwenye glasi ya maji nalo halithibitishi kitu. Na inayoganda si kwamba ni feki, asali nzuri nyingi zinaganda zenyewe. Weka chupa kwenye maji vuguvugu, itarudi. Ya nyuki wadogo ni nyepesi na ina uchachu kwa asili, wasioijua wanasema imechakachuliwa. Nunua kwa mtu unayemjua, hakuna jaribio la mezani.

#31 Mpishi wa Mlango Mmoja
Mrina, thibitisha moja: asali ikitiwa kwenye chai ya moto sana inakuwa sumu?

#32 Mrina wa Sikonge
Harufu inapotea na vimeng'enya vinakufa. Sumu hapana.

#33 Zamu ya Usiku (famasi)
Na kinacholainisha koo ni uzito na utamu wake, ambao haupotei kwenye kikombe cha chai. #3 alikuwa sahihi kwa ladha, kwa tiba si lazima.

#34 Mpishi wa Mlango Mmoja
Kwa ladha na kwa pesa. Asali ya bei ile siichemshi.

#35 Kisu cha Mkuyuni
Swali la mwisho kutoka jikoni kwangu: mtoto wa miezi minane, pua imeziba, hanyonyi vizuri. Uji wa ulezi wenye asali iliyochemka?

#36 Zamu ya Usiku (famasi)
HAPANA. Chini ya mwaka mmoja asali haitolewi, mbichi wala iliyopikwa. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaotoa sumu ya kulegeza misuli, na mbegu hizo haziuawi na moto wa jiko lako. Baada ya mwaka, nusu hadi kijiko kimoja cha chai usiku.

Wa miezi minane: maji ya chumvi ya kusafisha pua ya #23, matone 2 au 3 kila tundu, subiri dakika moja, vuta kwa mpira wa kunyonya kamasi, kisha mnyonyeshe. Usivute kwa mdomo wako, mnabadilishana vijidudu. Marhamu za kafuri asipakwe, ziachwe mpaka apite miaka miwili, na hata mkubwa hazipakwi ndani ya pua. Mafuta ya mkaratusi yakae juu kabisa kabatini, kijiko kimoja akinywa kinaweza kumzimisha. Aspirini usimpe mtoto. Dawa za kikohozi za chupa, chini ya miaka 6 achana nazo.

Mhesabu pumzi akiwa ametulia, dakika nzima ukitazama saa. Kwa umri wake zikifika 50 au zaidi, au chini ya mbavu panaingia ndani akivuta hewa, au anakataa ziwa kabisa, huo si uzi tena, ni zahanati. Mwenye mwaka hadi mitano hesabu ni 40.

#37 Mwalimu wa Kisesa
Na homa kanda hii isiitwe mafua kabla ya kupima malaria. Kipimo cha tone la damu kinatoa majibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Malaria haina kamasi, lakini mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

#38 Zamu ya Usiku (famasi)
Sahihi kabisa. Na mtu mzima akikohoa wiki mbili apimwe kifua kikuu.

Jingine la dirishani: vile vidonge vya mafua vya mchanganyiko vingi vina parasetamoli ndani. Ukinywa pamoja na parasetamoli yako ya kawaida umezidisha bila kujua. Mtu mzima asivuke gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku 5, ukiendelea pua inaziba kwa sababu ya matone yenyewe.

#39 Nyakato Viwandani
Vitamini C?

#40 Jiwe la Bismarck
Linus Pauling, mwanakemia aliyepata Nobel mara mbili, 1954 na 1962, aliipigia debe kweli miaka ya 1970. Waliopima baadaye wakakuta ukiimeza kila siku mwaka mzima mafua yanapungua muda kidogo tu, ukianza baada ya kuumwa haisaidii. Kula mapera. Yana vitamini C mara kadhaa kuliko ndimu, na yanadondoka bure huku mnanunua vidonge.

#41 Mzee wa Karabai
Gongo na ndimu hamjaitaja.

#42 Zamu ya Usiku (famasi)
Makusudi. Pombe inatanua mishipa ya pua, inazidi kuziba, na usingizi wake ni wa kukatikakatika.

#43 Mzee wa Karabai
Basi supu. Vichwa viwili vya sato, toa matamvua yote maana ndiyo yanayotia uchungu. Maji lita moja na nusu, tangawizi gramu 20, saumu punje nne zilizopondwa, nyanya moja, chumvi kijiko cha chai. Moto mdogo dakika 25, engua povu. Pilipili kichaa iingie nzima isipasuke, itolewe mwisho. Ndimu baada ya kuepua. Pembeni michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa).

#44 Bibi wa Nansio
Sato wa wapi? Wa kizimba ana mafuta, supu inaganda mdomoni. Mgonjwa hataki mafuta.

#45 Mzee wa Karabai
Bibi, sato wa ziwa kwa bei ya sasa anaponya mafua au analeta presha?

#46 Sengerema Feri
Dagaa. Supu ya dagaa wabichi, dakika 10 imeiva.

#47 Mpishi wa Mlango Mmoja
Dagaa dakika 10 wanakuwa uji. Saba.

#48 Kisu cha Mkuyuni
Saba kwa moto wa mkaa au wa gesi?